"Nimebakisha Kidogo Tu": Namna ya Kumaliza Gemu Ndefu Bila Kumaliza Pesa Kwenye Simu

Kuna maneno ambayo kila mchezaji wa gemu, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, ameyasema angalau mara moja: "Nimebakisha kidogo tu." Anaitwa kula, amebakisha kidogo tu. Tokeni za stima zinakaribia kuisha, amebakisha kidogo tu. Saa aliyolipia kwenye kibanda cha gemu imekwisha, anatoa simu na kulipia nyingine, kwa sababu, si unajua, amebakisha kidogo tu.

Wengi wanaosema hivyo wanacheza zile gemu ndefu za hadithi ambazo wachezaji huziita RPG. Humo unachukua nafasi ya mhusika mmoja, unamtoa kwenye unyonge hadi anakuwa na nguvu, unakusanya silaha na marafiki, na baada ya saa nyingi unafika mbele ya bosi wa mwisho. Hii si gemu ya dakika kumi ukingoja matatu ijae. Hadithi kuu ya The Witcher 3, iliyotoka Mei 2015, huchukua karibu saa 50. Persona 5 Royal inaweza kumeza saa 100.

Sisi hatuna shida na gemu. Baridi ya Julai ikishika mjini Nyeri, kukaa ndani na kucheza ni starehe nzuri kabisa. Tunachotaka kuangalia leo ni kitu kimoja: sehemu ya mwisho ya gemu ndefu ndiyo watu hulipia bila kufikiria. Mwanzoni mtu huuliza bei. Katikati hulinganisha. Akibakisha kidogo, analipa tu, na wakati mwingine analipa kwa pesa ya nauli, ya karo, au ya mkopo wa simu.

Kinachomsukuma ni saa 40 ambazo ameshatumia. Lakini hebu fikiria: saa hizo zimeshaenda. Hazirudi akilipa, na hazirudi asipolipa. Swali lenye maana ni hili: kilichobaki kitagharimu pesa ngapi, na je, ninazo?

Kwanza jiulize: gemu yangu ina mwisho?

Ukitaka kujibu swali hilo, lazima ujue unacheza gemu ya aina gani. Kuna aina mbili, na pesa zake hazifanani hata kidogo.

Aina ya kwanza ni gemu yenye mwisho. Unainunua mara moja, au unalipia muda wa kuicheza, na hadithi inafika mahali inakwisha. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ni mfano mzuri. Ilikuja kwa diski tatu za PlayStation, na ukiweka ile ya tatu ulijua umekaribia nyumbani. The Witcher 3 ni ya aina hiyo. Elden Ring, iliyotoka 25 Februari 2022, pia. Na kama unataka hadithi ya Afrika, iko Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, na kutoka Aprili 2016. Humo unamfuata mwana wa mfalme aitwaye Enzo, aliyepinduliwa siku ileile ya kutawazwa, akirudi kudai ufalme wake.

Aina ya pili ni gemu isiyo na mwisho. Unaipakua bure kwenye simu, hadithi inaongezwa kila baada ya muda, na ndani yake kuna duka. Genshin Impact, iliyotoka 28 Septemba 2020, ndiyo inayojulikana zaidi. Watengenezaji wake huleta toleo jipya karibu kila wiki sita. Ukimaliza leo, wiki sita baadaye hujamaliza tena.

Kwenye aina ya kwanza, "nimebakisha kidogo" inaweza kuwa kweli. Kwenye aina ya pili, maneno hayo si kweli hata siku moja, kwa sababu hakuna mstari wa mwisho uliochorwa. Usipouchora wewe mwenyewe, duka la gemu halitakuchorea.

Gemu yenye mwisho: hapa unalipa kwa saa

Watu wa huku wanajua vizuri habari ya sehemu ya mwisho. Anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hulala kambi ya Shipton, karibu mita 4,200, kisha huamka usiku wa manane kuelekea kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Zimebaki kama mita 800 tu kwenda juu, lakini ndizo ngumu kuliko zote: giza, baridi, na hewa nyepesi. Mwelekezi mzuri hakuruhusu uanze kabla hajaona tochi yako, maji yako na nguo zako. Hakuna anayesema "twende tu, imebaki kidogo."

Gemu ndefu nazo zina kambi yao ya Shipton. Kwenye The Witcher 3, kabla ya kwenda Isle of Mists, gemu yenyewe inakuonya kwamba ukivuka hapo kuna kazi ndogondogo hutaweza kuzimaliza tena. Elden Ring haina huruma hiyo: mti mkubwa ukishachomwa, mji mkuu wa Leyndell unageuka majivu na haurudi ulivyokuwa. Ukifika mahali kama hapo, simama. Hifadhi gemu yako. Kisha fanya hesabu ya pesa kabla hujavuka.

Tuchukue mfano. Tuseme kibanda chako kinatoza shilingi 60 kwa saa, na unakadiria sehemu iliyobaki ni saa 8. Hiyo ni shilingi 480. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu bosi wa mwisho hauawi kwa jaribio la kwanza. Utakufa, utarudi nyuma kutafuta dawa na silaha, utajaribu tena. Weka saa 3 za kushindwa: shilingi 180. Jumla ni shilingi 660. Hiyo ndiyo bajeti yako, si 480. Zile 180 ambazo hukuzipanga ndizo huchukuliwa kwenye nauli ya kurudi Othaya.

Ukishajua ni 660, unaweza kuzigawanya. Jumamosi mbili za shilingi 330 ni nafuu kwa mfuko kuliko usiku mmoja wa kulipa saa baada ya saa huku macho yamekuwa mekundu. Pia zungumza na mwenye kibanda. Wengi wako tayari kukupa bei nzuri ukilipia saa nyingi kwa pamoja, lakini lazima uulize kabla, sio baada.

Mambo mengine mawili huwachoma wachezaji wa vibanda:

- Sevu yako iko wapi? Kama saa zako 40 zimehifadhiwa kwenye mashine ya kibanda, mtu mwingine anaweza kuzifuta akitafuta nafasi. Uliza kama unaweza kuihifadhi kwenye akaunti yako mwenyewe au kwenye flashi. Sevu ikipotea ukiwa karibu na mwisho, bei ya "kidogo" inakuwa bei ya gemu nzima.
- Stima ikipotea je? Kubalianeni mapema: muda unasimama, au umekula hasara? Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo unaonyesha saa na dakika uliyolipa. Usiufute. Ndio ushahidi wako.

Kwa wale wanaocheza nyumbani, hesabu ni tokeni na bando. Nunua tokeni kabla ya kuanza sehemu ya mwisho, sio saa tano usiku mita ikilia. Na kama gemu inahitaji kupakua kipande kikubwa, tafuta Wi-Fi. Makomredi wa Dedan Kimathi na Karatina wanaijua hii bila kufundishwa.

Gemu isiyo na mwisho: hesabu ambayo duka halikuonyeshi

Hapa twende polepole, kwa sababu ndipo pesa nyingi huenda.

Kwenye Genshin Impact unaweza kucheza hadithi kuu bila kulipa hata shilingi. Pesa inaingia unapomtaka mhusika fulani, labda kwa sababu umekwama kwenye pambano na umeona kwenye video kwamba huyo ndiye atakutoa. Hauzwi moja kwa moja. Unavuta bahati, kama kuingiza mkono kwenye gunia.

Kila mvuto mmoja unagharimu Primogems 160. Uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Gemu inakuhakikishia nyota tano ukifika mvuto wa 90, lakini anaweza kuwa si yule uliyemtaka. Ikitokea hivyo, anayefuata wa nyota tano ndiye atakuwa wako kwa hakika. Kwa hiyo, ukianza sifuri na bahati ikikugomea kabisa, utavuta mara 180.

Piga hesabu: 180 mara 160 ni Primogems 28,800.

Furushi kubwa dukani, kwa bei ya Marekani, ni karibu dola 100, na ukiondoa ofa ya mara ya kwanza linakupa 8,080. Hiyo haifiki hata theluthi moja ya 28,800. Utahitaji mafurushi manne. Ukichukua shilingi 129 kwa dola, dola 400 ni zaidi ya shilingi 51,000. Na hapo hatujagusa VAT ya asilimia 16 inayotozwa kwa bidhaa za kidijitali hapa Kenya, wala gharama ya kubadilisha sarafu kama unalipa kwa kadi.

Ni kweli, si kila mtu atafika huko. Wengi watampata mapema, na gemu hutoa Primogems za bure kwa anayecheza kwa subira. Lakini bajeti haipangwi kwa kutegemea bahati nzuri. Ukianza kununua bila kuwa tayari kwa mvuto wa 180, utafika wa 120 umetumia pesa nyingi, huna mhusika, na maneno yaleyale yatakujia: nimebakisha kidogo tu. Duka limepangwa hivyo makusudi.

Ushauri wetu kwa gemu hizi ni rahisi, na hatusemi usilipe kabisa. Chora mwisho wako mwenyewe kabla ya kufungua duka. Andika kwenye simu: "Nikimaliza hadithi ya nchi hii, nimemaliza." Au: "Mwezi huu ni shilingi 300, basi." Kisha tenga hizo 300 pembeni, mbali na pesa ya matumizi. Zikiisha, gemu imeisha mpaka mwezi ujao.

Kitu kimoja hatutakizunguka: usikope kwa ajili ya duka la gemu. Mkopo wa simu una ada, na ada inaendelea kuhesabiwa hata baada ya wewe kuchoka na mhusika uliyemnunua.

Wazazi, hii ni yenu

Katika nyumba nyingi za Mathira, Tetu na Mukurwe-ini, simu nzuri ni moja, na ni ya mzazi. Ndiyo hiyohiyo inapokea bonasi ya majani chai mwezi wa Oktoba, na malipo ya maziwa na kahawa. Ndiyo hiyohiyo mtoto anaombea "kidogo tu nimalize leveli." Muda si mrefu baadaye likizo ndefu inaingia, na mtoto ana siku nzima.

Mtoto si mwizi. Anaona kitufe, anabonyeza. Kwa hivyo mlango ufungwe na mtu mzima:

1. Fungua Google Play, nenda kwenye mipangilio, na uweke masharti kwamba kila ununuzi lazima uthibitishwe. Isiwe mara moja kwa siku, iwe kila mara.
2. PIN ya pesa zako isijulikane na mtoto, hata kama ndiye hukusaidia kutuma. Kama anaijua tayari, ibadilishe leo. Mwaka wa kuzaliwa usiwe PIN, hiyo ataikisia.
3. Usiache kadi yoyote imehifadhiwa kwenye akaunti anayochezea.
4. Kagua malipo ya kila mwezi yanayojirudia. Kufuta programu kwenye simu hakufuti malipo yake. Lazima uingie sehemu ya usajili na kuyasimamisha.
5. Ukiona ununuzi usioujua, usingoje wikendi. Ndani ya saa 48 unaweza kuomba kurudishiwa kupitia Google Play yenyewe. Hakuna ahadi kwamba utakubaliwa, lakini anayewahi ana nafasi nzuri zaidi.

Na tafadhali, mama, baba, kabla ya kumnyang'anya simu, muulize swali moja: "Hii gemu yako ina mwisho?" Kama ina mwisho na amebakisha saa mbili, pengine kumwachia amalize Jumapili mchana ni amani kwa nyumba nzima. Kama haina mwisho, huo ndio wakati wa kukaa pamoja na kuuchora.

Wanaokungojea karibu na mwisho

Matapeli wanajua mahali ulipo. Mtu aliyekwama kwa bosi wa mwisho anatafuta njia ya mkato, na kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram kuna watu wanaouza njia hizo.

Wa kwanza anauza "almasi za bei nusu." Unatuma pesa, anakuzuia. Ikiwa bei iko chini sana kuliko duka la gemu lenyewe, jiulize yeye anazipata wapi.

Wa pili anauza akaunti iliyokwisha kufika mwisho. Unalipa, unabadilisha neno la siri, unafurahi siku tatu. Kisha mwenye barua pepe ya kwanza anaomba akaunti irudishwe kwake, na inarudi. Gemu nyingi zimekataza kuuziana akaunti, kwa hiyo ukilalamika kwa mtengenezaji hutasikilizwa.

Wa tatu ndiye hatari zaidi, kwa sababu hataki pesa ya gemu, anataka pochi yako yote. Anasema atakutumia zawadi, ila umtajie ule msimbo uliokuja kwa ujumbe. Msimbo huo ni ufunguo wa akaunti yako. Hakuna mchezaji, mwenye kibanda, wala mfanyakazi wetu anayehitaji kuujua.

Ukiwa umeshatuma pesa kwa tapeli, fanya haya kwa haraka: piga simu huduma kwa wateja na uombe muamala usimamishwe, hifadhi ujumbe na picha za mazungumzo, kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Usione aibu eti ni mambo ya gemu. Pesa ni pesa.

Orodha fupi ya kabla ya bosi wa mwisho

Ihifadhi hii kwenye simu, au mtumie yule rafiki yako ambaye "amebakisha kidogo" tangu Pasaka:

- Gemu yangu ina mwisho? Kama haina, wangu nimeuweka wapi?
- Zimebaki saa ngapi, na nimeongeza saa za kushindwa?
- Jumla ni shilingi ngapi? Ziko pembeni tayari, au nitazikata kwenye kitu kingine?
- Sevu yangu iko kwenye akaunti yangu?
- Tokeni na bando zinatosha hadi mwisho?
- Kuna malipo ya kila mwezi nitakayosimamisha nikimaliza?

Hilo la mwisho husahaulika sana. Umelipia usajili ili ucheze gemu moja, umeimaliza, umewasimulia marafiki wote, na miezi minne baadaye bado unakatwa. Siku utakayomwangusha bosi wa mwisho, acha majina ya watengenezaji yapite kwenye skrini, pumua, kisha ingia kwenye usajili wako na uusimamishe usiku huohuo.

Turudi kidogo kwa Final Fantasy VII. Kabla ya kuingia pango la mwisho, Cloud, mhusika mkuu, anawaambia wenzake waende zao kwanza, kila mmoja akatafute sababu yake ya kupigana, na anayeiona arudi. Watengenezaji wangeweza kumsukuma mchezaji moja kwa moja ndani. Wakaamua kumpa usiku mmoja wa kufikiria.

Nawe jipe usiku huo. Gemu itakungoja, bosi haendi popote. Kesho, ukiwa na hesabu yako mkononi, ingia umalize.

*Kumbuka: hatutawahi kukupigia simu au kukutumia ujumbe tukiomba PIN yako. Ukiona muamala usioutambua, wasiliana nasi mara moja kupitia namba ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya programu yetu.*